Kidomo cha Besi ya Baba

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeisugua besi tena. Majivu na limao, kisha kitambaa kikavu. Haikuwa na uchafu wowote. Niliisugua Ijumaa.

Wateja wananiuliza hilo tarumbeta kubwa kando ya cherehani ni la nini. Nasema ni la Baba. Wanauliza Baba yuko wapi. Leo nimeisogeza nyuma ya pazia nipumzike na maswali.

Wingu limekaa juu ya mlima tangu asubuhi. Baridi ya masweta mawili. Mafundi wa hapo jirani wamegonga bodi ya basi mchana kutwa, kichwa kinaniuma. Nimeshona sketi moja ya shule, basi.

Nimepika loshoro, makande ya maziwa ya mgando, ya watu wawili. Sijui nitaacha lini. Ya pili nimewapelekea mafundi. Wamefurahi. Wanadhani mimi ni mkarimu.

Jumatano, 7 Agosti

Kaka Elifuraha amepiga kutoka Dodoma. Ukoo umekubaliana: msalaba wa Baba utawekwa Jumamosi tarehe 31, nyumbani Nkoaranga. Matarumbeta ya usharika yatapiga. Nikasema vizuri. Ndipo akaongeza kwamba Mzee Anaeli, kiongozi wa matarumbeta, anaomba besi irudi, wapate kufanya mazoezi. Ni mali ya usharika, akasema.

Nikasema sawa. Si sawa.

Nimekaa kwenye kitanda cha Baba. Miezi yake ya mwisho aliimaliza hapa kwangu mjini, Sakina, kwa ajili ya kifua na kliniki. Alikuja na begi moja la nguo na besi. Pumzi haikumtosha hata kupanda ngazi za mlangoni, lakini alitaka iwe karibu. Aliipakata kama mjukuu. Alikuwa ameipakata hata siku ile ya Machi nilipompelekea chai na hakuitika.

Mali ya usharika! Na lile bega lake lililoshuka upande mmoja kwa kuibeba, lilikuwa mali ya nani?

Jumamosi, 10 Agosti

Sijaenda popote. Nimekumbuka jambo moja siku nzima.

Baba alikuwa akifanya mazoezi peke yake jioni, migombani, amekalia kinu kilichogeuzwa. Nyumbani tulisikia besi tu. Wenye sauti za juu walifanyia kwao. Basi mimi nikiwa mdogo nilidhani kile ninachosikia ndio wimbo wenyewe. Siku mwalimu wa shule ya Jumapili aliponisimamisha mbele niimbe, nikaimba ninavyoujua: pum, pum, pu-pum, chini kabisa, kwa uso mkavu, ubeti hadi ubeti. Watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye mabenchi. Mwalimu naye akaficha uso kwenye kanga.

Nilirudi nyumbani nalia. Baba hakucheka. Alinifuta makamasi kwa kiganja chake akasema, "Hukukosea, Elinipa. Umeniimba mimi."

Mpaka leo wimbo ukianza kanisani, sikio langu hushuka chini kwanza. Tangu Machi huko chini hakuna mtu. Nyimbo zote zinanifikia nusu. Nikiwaambia watu hivi wataniona nimechanganyikiwa, kwa hiyo simwambii mtu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeipeleka.

Nimekodi kirikuu, kigari cha mizigo, asubuhi. Dereva alitaka kuilaza nyuma pamoja na magunia ya mtu mwingine. Nikakataa, nikaipakata mbele, nimeifunga kwenye kitenge, mdomo wake mpana umefunika kioo nusu. Dereva akasema, "Mama, hapo trafiki wakitusimamisha utajibu wewe." Kutoka lami kupanda juu, barabara ilikuwa na vumbi na wanawake walikuwa mashambani wanachuma kahawa. Kila kona nilijiambia nitamwambia ageuze gari.

Mzee Anaeli alinisubiri mlangoni pa kanisa, kofia mkononi. Shikamoo, mjomba. Marahaba, mwanangu. Si mjomba wangu wa damu, lakini alisimama kushoto kwa Baba kwenye matarumbeta maisha yangu yote. Aliitazama besi, akaigusa kwa kidole kimoja, akasema, "Umeitunza." Kisha akatazama pembeni.

Alinijulisha kwa Zakaria, ndiye atakayeipiga sasa. Fundi uashi, rika langu. Mikono mikubwa, mpole, saruji kwenye kucha. Nilitaka kumchukia. Alipoanza kufungua kitenge nikasema nina haraka, gari linaningoja.

Kidomo kilikuwa kwenye mkoba wangu. Kile kikombe kidogo cha shaba anachowekea midomo mpulizaji. Bila hicho besi ni bomba tu.

Hapa hasomi mtu, kwa hiyo niandike wazi. Sikukisahau.

Jumatano, 14 Agosti

Zakaria amepiga simu. "Dada, samahani kwa usumbufu. Kidomo hatukioni. Labda kimebaki huko nyumbani?"

Nimesema nitatafuta.

Kipo mezani, kando ya mkasi. Kikiachwa kinakuwa cha baridi. Ukikishika kidogo kinapata joto haraka, kama kilikuwa kinatumika sasa hivi.

Jumatatu, 19 Agosti

Zakaria tena. Wameazima kidomo cha usharika wa jirani, hakikai, hewa inatokea pembeni. Wanafanya mazoezi bila besi. Kaka amepiga: tafuta vizuri, Elinipa, angalia hata chini ya kitanda. Shangazi naye amepiga, ananiombea nikione. Wote wananiuliza kwa upole na huo upole ndio unaonichoma. Nina hasira na watu wasio na kosa.

Watampigia Baba wimbo usio na sauti yake, juu ya kaburi lake, na sababu itakuwa mimi. Najua. Nalijua hilo tangu nilipofunga zipu ya mkoba. Lakini nikikitoa sibaki na kitu. Nguo zake tuligawa siku ya matanga. Fimbo ilichukuliwa na kaka. Picha anayo kila mtu. Hiki kimeshika pumzi yake tangu sijazaliwa.

Mchana nilikipuliza. Ikatoka sauti ya ndama aliyekwama. Nilicheka kwa nguvu, nikageuka kumwangalia Baba kama naye anacheka. Kitanda kimetandikwa.

Nimekitia kwenye boksi la vifungo.

Ijumaa, 23 Agosti

Sijashona. Simu nimezima. Mteja amegonga, nikakaa kimya mpaka akaondoka. Upweke huu una tabia mbaya: unakufukuzia watu halafu unakulaumu kwamba huna watu.

Jumapili, 25 Agosti

Nimetoka kanisani nikamkuta Zakaria amesimama mlangoni kwangu. Koti la ibada, viatu vina vumbi. Nikajua amekuja kudai. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nayo.

Hakudai. Alikuwa ameshika jani la isale, limefungwa fundo.

Kwetu isale haliletwi kwa mchezo. Ni jani la kuomba msamaha. Mtu akikuletea, hukatai, hata kama alichokutendea hakisemeki. Baba aliwahi kuletewa na jirani waliyekosana naye kwa mpaka wa shamba, na jioni ileile walikunywa mbege kibuyu kimoja. Lakini huletwa na mkosaji kwa aliyekosewa. Haliji upande huu.

"Limetoka kwa Mzee Anaeli," Zakaria akasema. "Anasema tumekukosea, dada. Tumedai chombo na machozi hayajakauka. Kaniambia nikupe hili, na nisikuulize kitu kingine."

Na kweli hakuuliza. Alikunywa chai. Alisifu sketi zilizoning'inia. Akaweka kikombe chini, akasimama kuaga.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mzee yule, na magoti yale mabovu, alishuka shambani kukata isale kwa ajili yangu mimi, mwizi wa kidomo. Nilimwambia Zakaria akae. Nikafungua boksi la vifungo mbele yake, nikakitoa. Alikiangalia, akaliangalia boksi. Akakipokea kwa mikono miwili. Namshukuru kwa hilo mpaka sasa.

Nikadhani yameisha. Akakigeuza mkononi, akasema, "Shida ni kwamba hata nikiwa nacho, wimbo siujui. Mzee wako alikuwa anapiga kwa kichwa. Nimewauliza wenzangu besi inakwendaje, kila mmoja anajua sauti yake tu."

Hakuna anayeijua! Wamesimama naye miaka yote hiyo, na huko chini hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Mimi naijua.

Ilibidi nifunge mlango kwanza. Nikamwimbia. Pum, pum, pu-pum, mwanamke mzima wa umri wangu, na mkono napiga kwenye meza ya cherehani. Hakucheka. Alinifuata kwa kidomo kitupu, brrr, brrr, mashavu yamejaa, jasho linamtoka. Alipokosea nilimrudisha. Nilikuwa mkali. Baba angesema niache ukali.

"Hapo mwisho," nikamwambia, "wenzako wakiacha, wewe usiache. Baki kidogo."

Akatabasamu. "Ndiyo maana Mzee Anaeli husema besi ya marehemu haikuwa na breki."

Ameondoka na kidomo mfuko wa shati. Nimelia, nimenawa, nimelia tena. Isale nimelitia kwenye glasi ya maji dirishani.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimekamilisha oda ya sketi. Nimenyoosha gauni jeusi. Zakaria ametuma ujumbe: pumzi ndiyo inamsumbua, wimbo umekaa. Nimemjibu ale vizuri asubuhi.

Naogopa Jumamosi. Siogopi kaburi. Naogopa kuisikia ikipigwa na mtu mwingine halafu iwe nzuri tu, na niwe sihitajiki tena hata kwa hilo.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimerudi. Jua bado lipo kidogo barabarani.

Msalaba umewekwa. Umesimama vizuri, migombani, kando ya Mama. Kaka alikuja na familia yake, shangazi alilia kwa sauti, mchungaji hakurefusha. Mzee Anaeli alifika na tawi la isale lenye kuota. Alinipa mkononi, nikachimba kwa mikono nikalipanda kichwani pa Baba. Nilitaka kumwomba radhi. Nikainua uso kuanza, akatikisa kichwa. Kwake yalishakwisha.

Kisha wakapiga.

Zakaria alisimama mahali pa Baba. Mabega yote mawili yamenyooka. Ubeti wa pili alipotea kidogo, akarudi. Ilikuwa nzuri. Sikuona wivu kama nilivyoogopa. Nilifunga macho, na kwa mara ya kwanza tangu Machi wimbo ulikuwa mzima, juu na chini, nikawa nafuata huko chini polepole, mdomo umefungwa.

Ukafika mwisho. Wenzake wakaacha. Zakaria akabaki, kama nilivyomfundisha, lakini pumzi ikamwishia. Nilisikia sauti inatetemeka, ikakatika kabla ya pale Baba alipokuwa anakatia.

Mimi sikuacha.

Sikupanga. Sauti ilikuwa inatoka tu, nene, ya puani, peke yake katikati ya watu wote wale. Wajukuu wa kaka waligeuka kunitazama. Hakuna aliyecheka. Mzee Anaeli alikuwa ameinua mkono wa kufunga wimbo. Hakuushusha. Aliuacha juu mpaka nikafika pale pa Baba, nikaacha.

Ndipo akaushusha.

Wakati wa chakula Zakaria alinifuata na kidomo amekifunga kwenye leso. Akasema nirudi nacho, watanipigia simu siku za ibada. Nikamwambia kikae na besi. Nikamwambia pia ajifunze kuvuta pumzi tumboni, si kifuani.

Hapa nyumba iko kimya. Nimetoa pazia, nimesogeza cherehani pale ilipokuwa besi. Mwanga ni mzuri zaidi. Nimepika loshoro ya mtu mmoja. Nimeshika kijiko, nikangoja, maana Baba ndiye aliyekuwa anaombea chakula.

Nikaomba mwenyewe, nikala.