Kipeuo cha Pili cha 8/18

Mwalimu Mesaki, shikamoo.

Najua huitikii tena. Ni miezi minne tangu tukuzike kule Mvumi, na bado nakuamkia kila ninaposhika chaki.

Nilikuwa kidato cha pili. Uliuliza kama kipeuo cha pili cha 8/18 kinaweza kuandikwa kama sehemu. Nikasema ndiyo. Ukanikatiza: "Hapana, Eliza. Nane si mraba wa namba nzima, wala kumi na nane. Kaa." Darasa zima likacheka. Kesho yake sikuja. Baba alifurahi, siku nyingi alitaka nibaki nyumbani nichunge mbuzi, na safari hii sikubisha.

Jioni ukaja na baiskeli, suruali vumbi tupu hadi magotini. Ukakataa kiti. Mtu mzima wewe, ukasema mbele ya baba yangu, "Nimekuja kumwomba radhi mwanao. Gawanya kwa mbili juu na chini, unapata 4/9. Kipeuo chake ni 2/3. Yeye aliliona hilo, mimi sikuliona."

Baba hakujua vipeuo. Akauliza, "Kumbe mwalimu naye hukosea?"

"Hukosea, mzee. Ndiyo maana namhitaji huyu darasani."

Baba akanigeukia: "Kafue sare."

Nimekutana na wasomi wengi tangu hapo, Mwalimu. Wa kuendesha baiskeli mwendo ule wote kwa sababu ya swali moja... sijamwona.

Sasa nafundisha shule ya Zuzu. Jumamosi nakwenda kwako kumsaidia Rehema, binti yako. Hesabu zimempiga chenga tangu uondoke. Juzi aliuliza kwa nini kipeuo cha pili cha mbili hakiandikiki kama sehemu. Nikamwambia tuchukulie sehemu hiyo ipo, na imesharahisishwa mpaka mwisho. Tukaifuata hatua kwa hatua, tukakuta namba ya juu lazima igawanyike kwa mbili, na ya chini vilevile. Akatupa kalamu.

"Lakini dada, si tulisema imesharahisishwa? Basi haipo! Haipo kabisa!"

Mama yake akatoka jikoni mbio, mikono ina unga, kuuliza kuna nini. Tangu msiba, hakuna aliyepaza sauti nyumba ile.

Pumzika, Mwalimu wangu. Rehema simwachi. Jumamosi anataka tujaribu njia ileile kwa kipeuo cha pili cha tatu, na nitakuwepo.

Mwanafunzi wako,
Eliza