Nilimwambia Daktari Mtoto Anakunywa Dawa

Bi Shamsha, shikamoo. Nakuandikia kwa simu nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto hapa Mbeya, usinicheke uandishi wangu maana naandika haraka, na majina yetu nimeyabadili ila mambo yenyewe ni ya kweli tupu. Sisi ni watu wa Mlandege, Iringa. Mwanangu Yusta ana miaka kumi. Mwaka jana alianza kuamka uso umevimba, mkojo una povu, kichwa kinamuuma mpaka anatapika, tukahangaika tukidhani ni malaria, mwisho tukapewa rufaa kuja huku kwa daktari bingwa wa figo za watoto, mama mmoja anaitwa Dokta Hetal. Ndiye aliyemfunga mkononi kile kipimo kidogo cha presha cha watoto, akatuambia figo zinaumwa na presha iko juu sana. Nikamwambia, daktari, presha si ya wazee? Akasema, "Hata watoto, mama." Akamwanzishia vidonge vya presha na vingine vya kutuliza figo, akatuonya tusikatishe hata siku moja bila kumwuliza.

Yusta akapata nafuu, ila dawa zilimjaza mashavu, shuleni wakawa wanamwita Andazi, anarudi analia hataki kwenda tena. Wifi yangu Esta, ambaye tunaimba naye kwaya, akaniambia, "Wifi, unamlisha mtoto dawa za wazee, ukubwani atazaa kweli?" Likaniingia. Nikamtazama mtoto hana uvimbe, mkojo hauna povu, nikasema moyoni huyu amepona, nikamwambia tupumzike kidogo, akafurahi, vidonge nikavificha kwenye ndoo ya unga. Baba yake yuko Chunya machimboni, kila jioni anapiga simu, "Yusta amekunywa dawa?" nami najibu amekunywa. Wiki tatu nilijibu hivyo.

Jumatatu ya wiki iliyopita Yusta alimwambia mwalimu haoni ubao, na kabla mwalimu hajamfikia akaanguka, akapigwa degedege mbele ya darasa zima. Tukaletwa huku kwa gari la wagonjwa, baba yake akaja kutoka Chunya. Dokta Hetal akaniuliza, "Dawa anakunywa kila siku?" Silvester mume wangu amesimama pale pale. Nikasema, kila siku, daktari. Akakunja uso, akasema basi dawa zimeshindwa, itabidi tuanze zenye nguvu zaidi, na Alhamisi hii wamchome sindano wachukue kipande kidogo cha figo wakakipime. Baba Yusta sasa anamwambia kila mtu wodini kwamba daktari huyu hajui kazi. Na jana nilipokuwa namlisha uji, Yusta akaninong'oneza, "Mama, mimi sitasema." Bi Shamsha, nimekwama. Nikisema ukweli ndoa imekwisha, nisiposema naogopa watakachomfanya mtoto. Nifanyeje?

Mama Yusta

*

Mama Yusta,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma Jumanne asubuhi, na gazeti letu hutoka Jumapili. Kungoja Jumapili kungekuwa kushiriki kosa lako, ndiyo maana nilikupigia saa ile ile. Wasomaji wajue tulichozungumza, maana umeniruhusu.

Nilikuuliza: unaogopa nini zaidi, hasira ya mumeo au hiyo Alhamisi? Ukalia. Nikakwambia lia huku unatembea, nenda kwa daktari sasa hivi. Ulikwenda, na kwa hilo nakuheshimu. Dokta Hetal hakufoka. Aliweka kalamu chini akakuuliza, "Kidonge cha mwisho alikunywa lini?" Akahesabu siku, akaahirisha sindano, akamrudisha kwenye dawa zile zile. Ijumaa uliniambia presha inashuka na Yusta anasoma maandishi ya ukutani. Lakini figo zimeumia kuliko zilivyokuwa, na daktari hakuahidi kwamba zitarudi. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hizo wiki tatu hazirudi.

Mumeo ulimwambia mchana ule ule. Alisema, "Mimi nilikuwa nauliza kila siku, Mama Yusta." Basi. Tangu hapo hasemi nawe, na dawa anampa mtoto kwa mkono wake. Unataka kujua atakusamehe lini. Sijui. Usimfuatefuate na machozi. Mwache ampe mtoto dawa, na wewe ujifunze saa na vipimo vyake pamoja naye.

Hukuwa na roho mbaya. Ulichoka kumwona mwanao akilia, na mama yeyote huchoka. Lakini ukichoka, mpigie daktari, usimsikilize wifi. Esta haelewi figo, anaelewa kwaya. Mwambie hivyo kwa heshima, na asirudie.

Sasa hayo maneno ya mtoto. Hayo yameniuma kuliko vidonge. Binti wa miaka kumi amelala na dripu mkononi, na bado anafikiria namna ya kukulinda wewe! Kaa naye leo. Mwambie hakukosa lolote, na kwamba kwa daktari ana ruhusa ya kusema kila kitu, hata kinachokuaibisha.

Halafu inuka, pita kitanda hadi kitanda. Wale kina mama wote walioambiwa daktari hajui kazi, waambie wewe mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lako. Utaona haya. Ona. Wenzako wana watoto wa kutibiwa na daktari huyo, na mmoja akimkimbia kwa sababu ya uongo wako, mzigo huo utaubeba pia.

Mkirudi Iringa, kabla Yusta hajaingia darasani, nenda kwa mwalimu mweleze ugonjwa wenyewe, na hilo jina la Andazi likomeshwe. Tarehe za kliniki mwende wote wawili, hata kama mnakaa viti tofauti.

Na siku Yusta akikuuliza kama figo zake zitapona, maana atakuuliza, usimwambie ndiyo ili anyamaze. Mwambie hujui. Kisha mpe dawa yake.

Bi Shamsha