Achol, Ndege Hawamkimbii Mwenye Mtoto

Dadangu Achol,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikifua nepi, nikausikiliza tena nikimnyonyesha Ewoi, na mara ya mwisho nikauzima katikati kwa sababu nilikasirika. Unasema mtoto wako ni mzuri, ananyonya vizuri, amechukua kidevu cha mama yako. Hapo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu unasema ile kamera uliyojinunulia huko ng'ambo umeifunga ndani ya sweta ukaiweka juu ya kabati, maana mambo hayo yalikuwa ya usichana, sasa wewe ni mama.

Hapana, Achol. Hilo sikubali. Nakuandikia barua hii waziwazi, mbele ya kila anayesoma, ili usije ukasema hukuipata, na ili mama wengine walioweka vitu vyao juu ya kabati wasikie pia. Nimechoka, macho yananiuma kwa kukosa usingizi, lakini nina habari ya kukupa, na nitaianza mbali kidogo.

Unakumbuka bwawa letu la kwanza? Mtu akisikia bwawa atafikiri ni kitu kikubwa. Yalikuwa maji yaliyomwagika chini ya bomba, pale kwenu kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kina mama walipopanga mitungi yao foleni. Mimi nilikuwa msichana wa Kakuma mjini, wewe wa kambini, tukakutana kwenye kikundi cha vijana cha kupiga picha, na kamera ya kikundi ilikuwa moja. Wengine walitaka harusi na wanamuziki. Sisi wawili tukasema tunataka ndege wa majini na kereng'ende. Walitucheka sana. Kakuma, mahali maji yenyewe yanatafutwa!

Wewe ndiye uliyegundua kwamba kereng'ende ana kiti chake. Anaruka, anazunguka, anarudi palepale alipokuwa amekaa. Ukachomoa kijiti kwenye ua wa jirani, ukakichomeka katikati ya yale maji, ukaniambia, "Akiru, kaa chini. Usimfuate. Atakuja mwenyewe." Tukakaa na jua lile. Mama mmoja kwenye foleni akashindwa kuvumilia.

"Nyinyi wasichana, mnapiga picha nzi?"

"Si nzi, mama," ukamwambia. "Ni kereng'ende."

"Inaliwa?"

"Hailiwi."

"Sasa?"

Ukamwonyesha kijiti kwa kidole. Kisha kereng'ende akaja, mwekundu kama pilipili iliyoiva, akatua kwenye kijiti, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ulibonyeza mara moja tu. Kwenye kioo cha kamera tukaona mpaka vinywele vya miguu yake, na mabawa kama wavu mpya. Yule mama akainama kutazama, akaweka mtungi chini, akaita foleni nzima: "Kujeni muone uso ya hii kitu!" Watu wakaacha mitungi. Siku hiyo tulitembea Kakuma kama wenye mji.

Lakini ndege walitushinda. Mwalimu wetu alitoka Nairobi, na alitufundisha vile alivyofundishwa: vaa nguo ya rangi ya mchanga, lala kwa tumbo, tambaa, nyamaza, usinyanyue kichwa. Tukamtii kama Biblia. Tulienda Ferguson's Gulf, pale ziwa linapoingia ndani karibu na Kalokol, tukatambaa kwenye mchanga wa moto, miiba ya miti ya mathenge ikituingia magotini, na kila tulipokaribia, puu! Mwari wote juu. Korongo wote juu. Tukirudi, kadi imejaa mikia. Abdi, mwenyekiti wetu, alikuwa anatungoja mlangoni kwa furaha yake yote.

"Kampuni ya Mikia imerudi! Leo mmeleta mkia gani?"

"Wa mwari," ulimjibu. "Na wako tutaupiga kesho."

Na yule tuliyemtaka kuliko wote hatukupata hata mkia wake. Mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu ambao upande wa chini umepita wa juu kwa urefu. Anaruka chini kabisa, mdomo wa chini ukiwa ndani ya maji, na maji yanapasuka nyuma yake. Jina lake la kitabuni hatukulijua. Wewe ukamwita Fundi, kwa sababu anakata maji kama fundi wa sokoni anavyokata kitambaa, mkasi haunyanyuki.

Siku yako ya kusafiri ulivaa lile jaketi la baridi na jua la Kakuma likiwa limesimama utosini. Jasho tupu. Ukanivisha kamera ya kikundi shingoni, maana sisi wawili ndio tuliokabidhiwa. Ukasema, "Kalas, basi, Akiru, usilie kama mbuzi. Fundi nakuachia. Mimi nataka uso wake." Nililia kama mbuzi hata hivyo.

Yaliyofuata sikukusimulia yote. Nilipoolewa nikahamia Lodwar, hapa Kanamkemer, na Ewoi akaja. Achol, huyu mtoto ana mapafu. Akilia, mbwa wa jirani wanajibu. Baba yake ni dereva wa lori, yuko barabarani wiki kwa wiki. Kamera ikalala chini ya kitanda, na mimi nikawa nalala nimekaa. Ndipo Abdi akanipigia simu, kwa upole, si kwa ule utani wake.

"Mama Ewoi, mtoto hajambo? Sikia. Walahi sitaki uumie. Lakini kamera imelala. Kuna vijana hapa wako na wakati. Wewe sasa ni mama, hakuna mtu atakulaumu."

Umeona sasa kwa nini nilikasirika na sauti yako? Yalikuwa maneno yaleyale. Hakuna atakayekulaumu! Kana kwamba nilikuwa nikiogopa lawama. Nilikuwa naogopa kwamba nikiitoa ile kamera, sitaitwa tena jina lolote ila la kazi za nyumbani.

"Nipe safari moja," nikamwambia. "Nikirudi na mikia, nitaileta kamera mwenyewe Kakuma, nikukabidhi mkononi."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Nilifika kwenye ghuba mchana, nikamwachia Ewoi dada mmoja anayeitwa Apua, mmoja wa wale wanaopasua samaki aina ya ngege na kuwaanika. Nikaenda mbali kidogo, nikalala kwa tumbo kama tulivyofundishwa. Nikatambaa. Nilikuwa nimewakaribia korongo, kidole kiko kwenye kitufe, Ewoi akafungua mdomo huko nyuma. Nikageuka kumwangalia, na kwa kule kugeuka tu ndege wote wakapaa. Mikia, Achol. Anga nzima mikia.

"We mama!" Apua akapiga kelele. "Kuja chukua mtu wako! Anataka titi na mimi niko na magamba tu!"

"Na kwa nini anatambaa kama mamba?" mwingine akauliza. "Amepoteza sindano?"

Walicheka mpaka visu vikawekwa chini. Nikasimama, mchanga mpaka kwenye meno. Nikamnyonyesha, akanyonya kidogo akakataa, nikamfunga mgongoni kwa leso akiwa bado analia. Moyoni nilikuwa nimeshaitoa kamera. Nilikuwa nimeshamuona Abdi akinyoosha mkono. Apua akanitazama, akanisukumia beseni la matumbo ya samaki. "Basi kama umemaliza kutambaa, saidia watu. Mwaga pale kwa maji."

Nikalibeba. Kamera shingoni, mtoto mgongoni ananipigia kelele sikioni, nikashuka majini nimesimama wima kama mtu yeyote.

Na ndege hawakuondoka.

Korongo walinipisha njia vile watu wanavyompisha aliyebeba mzigo. Yangeyange wakanifuata miguuni. Mwari mmoja alinitazama kwa jicho lile la kukudharau, akaendelea kujikuna. Nilimwaga beseni, nikasimama maji yakiwa chini ya magoti, na ndipo akili ikanifunguka. Hawa ndege tangu watoke kwenye yai wanawaona wanawake wenye watoto mgongoni. Kilio cha mtoto kwao ni sauti ya mahali pa chakula. Anayetambaa kwa tumbo bila kusema neno, huyo wanamjua ni nani: anataka kuwala. Miaka yote ile, Achol, sisi ndio tuliokuwa tukiwafukuza, kwa bidii yetu!

Nikaanza kupiga. Mwari uso kwa uso. Korongo na samaki mdomoni. Ewoi analia, na mimi nambembeleza huku napiga, kiuno kinakwenda huku na huku.

Jua lilipoanza kulegea wakaja watatu, chini kabisa, kwenye ukingo. Fundi. Unakumbuka mwalimu alisema ndege anayepita unamfuata kwa kiuno, usimfuate kwa mikono? Mimi sikuwahi kuweza, mwili ulikuwa unaruka kama gari bovu. Lakini kiuno hiki sasa kimembembeleza mtoto miezi yote hii. Kilikuwa tayari kinazunguka. Walipita, nikazunguka nao, nikabonyeza. Wakageuka wakarudi kwenye mstari uleule walioukata, nikabonyeza tena, na tena. Ewoi akanyamaza ghafla. Nadhani na yeye alikuwa anatazama.

Nilipiga ukelele, wanawake wakasimama wote.

"Mamba?"

"Si mamba! Nimempata!"

"Umepata nani?"

"Fundi!"

"Fundi wa nini sasa, jamani?"

Niliwaonyesha kwenye kioo. Apua akafuta magamba kwenye sketi kabla ya kushika kamera, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Huyu ako hapa kila siku. Lakini sikujua amevaa vizuri hivi." Wakaipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja anamwita mwenzake.

Achol, uso wake upo. Mdomo uko ndani ya maji, maji yamepasuka pande mbili, matone yako hewani. Nikiikuza naona jicho, na mboni yake si duara. Ni ufa mwembamba, kama ya paka. Tulimtafuta muda wote ule na hatukujua ana jicho la paka.

Kakuma nilienda na Ewoi mgongoni. Abdi akaiweka picha kwenye kompyuta, kikundi kizima kikasogea. Mwisho Abdi akajikohoza.

"Mkia uko wapi?"

"Umebaki Kalokol."

Achol, wale vijana walipiga meza! Abdi mwenyewe akaichukua kamera pale mezani akanivisha shingoni. Akaniuliza nilijificha vipi hata ndege wakanikubali karibu hivyo. Nikamwambia sikujificha, na kwamba kamera haitoki kwangu, na Jumamosi nawachukua mama wawili wa kikundi niende nao ghuba, mmoja ana mtoto, mmoja ni mjamzito.

"Mathee," akasema, "hii sasa ni kikundi ya picha ama ni kliniki?"

"Ni zote mbili. Zoea."

Kwa hiyo nakuambia kwa upendo, na kwa ukali. Najua huko ni baridi, najua unakesha peke yako bila shangazi wala jirani wa kukupokea mtoto, na hilo linaniuma kila ninapowaona wanawake wa Kalokol wakimrusharusha Ewoi kama mpira. Natamani ungekuwa hapa. Lakini uliniambia kuna ziwa dogo nyuma ya nyumba zenu, lina bata wenye shingo za kijani, na wamama wanapita hapo na watoto kila asubuhi. Basi hao bata wamekuzoea kabla hawajakujua. Mfunge mtoto, toka, simama wima. Akilia mbembeleze, na kiuno kitakuonyesha.

Picha ya Fundi nimekutumia kando. Usinijibu kwa sauti, nitakukatia. Nitumie bata.

Akiru, dada yako,
Mama Ewoi wa Kanamkemer