Pikipiki ya Chini, Pikipiki Ndefu na Shaka Yangu

Rosettenville, Johannesburg

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nanyi nyote mliozunguka mkeka kumsikiliza mdogo wangu Rashidi akisoma, amani ya Mola iwe juu yenu. Rashidi, soma taratibu, wala usiruke mahali panaponiaibisha. Kila aliyeketi hapo ana haki ya kusikia sawa na mwenzake. Je, mguu wa mama umepungua kuvimba? Na Zuhura, bibi harusi wetu, bado anakula, au furaha imekwisha kumshibisha? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kulegea, na cherehani yangu ya kushonea viti vya pikipiki haijapata mapumziko.

Nimesikia, maana maneno hayaombi pasipoti, kwamba mnanong'ona kuwa sitafika kwenye nikaha. Siwalaumu. Mara mbili niliahidi mkapika, na mara mbili mkala wenyewe. Lakini sasa baba hayupo, mimi ndiye walii wa Zuhura, na mkono wa bwana harusi unangoja mkono wangu. Nitakuja, tena kwa pikipiki. Msishangae: mtu aliyeshona viti vya wasafiri miaka yote hii hutamani siku moja akalie cha kwake.

Swali lilikuwa pikipiki ipi. Sudi, mtoto wa Dar anayeuza pikipiki zilizotumika kule Turffontein, alikuwa nazo mbili za safari ndefu. Moja ni ya chini na pana, ina kioo kikubwa cha kukinga upepo, masanduku ubavuni, na kiti cha nyuma chenye egemeo na mahali pa kuwekea mikono, mithili ya kochi. Hiyo ni ya lami. Nyingine ni ndefu, shokapu zake zimenyanyuka, tairi zake zina meno, kiti chake chembamba na kigumu. Hiyo haiulizi kama kuna barabara.

Mshauri wangu alikuwa Deo, jirani yangu, mlinzi wa usiku kutoka upande wa Lubumbashi, ambaye tumekubaliana kusafiri pamoja. Yeye tayari ana ndefu. Mwanzoni alinisisitizia, akiniita kaka kwa lugha ya kwao, "Yaya, beba ile murefu. Lami ikiisha, ile ya chini itakulalia sawa ng'ombe." Juma lililofuata akageuka: "Hapana, Yaya. Beba ile ya chini. Iko na kiti muzuri ya nyuma."

Kiti cha nyuma? Ndugu zangu, mimi nasafiri peke yangu! Mtu akibadili kauli bila kubadili sababu, masikio hayana budi kusimama. Nikawaza: Sudi amemwahidi cha juu. Pikipiki ya chini ina ugonjwa, nami ndiye nitakayeuguza.

Kwetu sisi tunaonunua vilivyotumika, desturi ni hii: unafika bila taarifa, na kabla ya salamu unaweka kiganja kwenye injini. Injini iliyolala baridi husema kweli inapowashwa. Iliyopashwa moto mapema huficha kikohozi chake. Jumamosi asubuhi nikaenda peke yangu, nikaweka kiganja. Ilikuwa ya moto.

"Sudi, nani kaipasha?"

"Eish, fundi, salamu kwanza!"

"Nani?"

"Huyo Mkongo wako. Kaja na mkewe, kamkalisha nyuma upande, miguu pamoja, wakauzunguka uwanja wa mbio za farasi. Polepole hivyo, nikadhani wanasindikiza maiti!"

"Na cha juu chake umeshampa?"

Sudi alicheka hadi akashika usukani. "Cha juu? Kanisihi niiweke, nisimuuzie mtu, wala hakusema namwekea nani. Mzee, mimi nadhani anakuzunguka."

Nilikwenda kwa Deo moyo ukichemka kuliko ile injini. Mkewe, Mama Grâce, alinifungulia, sikukaa.

"Deo, unanizunguka?"

Akatazama sakafu. "Yaya, ni mama yangu. Anakonja, kiuno inamuuma, hawezi kutanua miguu. Magari ya kule yanajaza watu juu ya magunia. Wapwa zangu watamuleta na baiskeli mpaka lami inapoanzia. Toka pale hadi kwa daktari Lubumbashi, pikipiki yangu itamuvunja. Ile ya chini itamubeba. Lakini ni mbele ya mvua. Mvua ikishuka, ile njia inakufa."

"Mbona hukuniomba?"

"Nikikuomba, utasema ndiyo juu ya kuona haya. Ukichelewa kwa ndoa ya dada yako, mama yako atanilaani."

Mama Grâce akapiga makofi. "Wanaume! Mumoja anaficha, mwengine anapeleleza, na mwenye kuzungushwa sawa gunia ni miye!"

Hapo nilikaa, nikanywa chai yao.

Kesho yake kiganja changu kilikuta chuma baridi, na pikipiki ya chini ikawaka bila kukohoa. Nimeichukua. Tutaondoka mapema kuliko nilivyokusudia, tutapitia kwanza kwa mama yake Deo, kisha nitashika njia ya Tunduma. Kwa hesabu zangu nitawahi. Lakini barabara haina hesabu. Kwa hiyo, mbele yenu nyote, ninamweka baba mdogo Salimu kuwa wakili wangu, aozeshe kwa niaba yangu iwapo sitaonekana. Mama, usimlaani Deo. Na mimi, kama utanishuku, sina ulimi wa kulalamika: nimemshuku mtu aliyekuwa akimtafutia mama yake mahali pa kuegemea.

Msalimieni baba mdogo mwenyewe. Pia shangazi anayepaka hina, naye amwekee Zuhura ua la ziada kwa ajili yangu. Na jirani mwenye masufuria makubwa, asiyachukue mapema.

Siku hiyo shekhe akikohoa kuanza hutuba, mwongezeeni kahawa, kikombe kimoja tu. Nikiingia uani, kabla ya salamu, wekeni viganja kwenye injini. Mtaikuta ya moto, na safari hii haitakuwa imeficha kitu.

Ni mimi mwanao, walii wa Zuhura,

Hamza