Shingo Mbili, Jina Moja

3 Juni

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Hujambo wewe na kazi yako ya kuchungulia matumbo ya watu kwa mashine? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigomea. Kama kawaida, mimi nasema na jirani yangu mshonaji anaandika. Ukiona kosa ni lake, ukiona tusi ni langu.

Juzi nakunja nguo, jicho la kushoto likazima ghafla, kama mtu kashusha pazia. Kabla mshonaji hajamaliza kutunga uzi likawaka tena. Ndiye kaning'ang'ania nikuambie. Haya, nimekuambia. Usiniletee makelele.

Bibi yako

5 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yametulia. Nimepiga simu mara tisa. Najua umeizima makusudi.

Jicho kuzima hivyo ni onyo. Kila upande wa shingo kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Mafuta hujijenga ndani ya ukuta wake, njia ikawa nyembamba. Kipande kikimeguka kinapanda juu: leo jicho, kesho kiharusi.

Nenda hospitali ya hapo kwenu wiki hii hii, ukapigwe ultrasaundi ya shingo. Utalala, watakupaka jeli, watapitisha kifaa juu ya ngozi. Hakuna sindano, hakuna kisu. Tunapima mahali palipobana zaidi, kisha tunalinganisha na mbele yake, pale mshipa ulipo mzima. Nimemwomba mpimaji anitumie picha nizione mwenyewe.

Jirani yetu, tafadhali msomee mpaka mwisho, hata akijifanya kasinzia.

Mjukuu wako

12 Juni

Mume wangu,

Salamu tele, afya ipo. Nimekwenda. Jeli yao ni baridi, mpimaji ana mikono laini, na dari ina doa lenye umbo la sufuria. Umeridhika? Tuongee mengine. Unakula vizuri? Mke umepata, au bado unachungulia tu?

Bibi yako

15 Juni

Shikamoo Bibi,

Namwomba msomaji amkalishe kwanza, kisha asome polepole.

Picha zimefika. Nimezipima mara tatu, nikitumaini nimekosea. Mshipa wa kushoto, palipobana, una milimita moja na nusu. Mbele yake una milimita tano. Maana yake, saba kati ya kumi ya njia imeziba. Kwa mtu ambaye jicho limeshamzimikia, hilo halisubiri. Daktari wa upasuaji amekutengea kitanda tarehe 20. Watafungua mshipa na kuusafisha. Kazini wameninyima ruhusa mpaka 23, lakini usinisubiri.

Bibi, nakuomba, safari hii usishindane nami.

Mjukuu wako

17 Juni

Mjukuu wangu,

Leo sikuulizi hali, wala usiniulize. Barua yako imesomwa na mwenye shingo.

Sikwenda. Dada yangu aliingia hospitali kupimwa kikohozi tu, akatoka amefunikwa shuka. Kwa hiyo nikamwambia mshonaji, nenda wewe, toa jina langu, wewe huna kitu, mtoto aridhike. Alikataa siku tatu. Nilimsumbua mpaka akachoka. Jeli, mikono laini, dari, vyote alinisimulia yeye.

Leo akafungua bahasha. "Mkalishe kwanza." Tukacheka, nikakaa. Alipofika kwenye milimita, sauti ikapungua. Alipofika kwenye saba kati ya kumi, akaiweka barua mapajani. Nikamwambia, malizia basi, kumeza mate gani huko? Akajishika shingo. "Bi Mkubwa," akasema, "huyu si wewe."

Mimi nikasimama, nikamkalisha yeye.

Sasa anaandika haya. Nimemwambia aache, tutafute mtu mwingine. Kaniambia, "Sema tu, Bi Mkubwa, mkono haujaziba." Ana moyo huyu kuliko ukoo wetu mzima.

Kesho asubuhi tunakwenda wote. Nitalala mimi kwa jina langu, naye kwa lake. Mwambie daktari ukweli. Nitukane utakavyo, lakini mshonaji usimguse.

Bibi yako

18 Juni

Bibi,

Shikamoo, ingawa leo inatoka kwa shida. Sina tusi la kukutosha.

Nimemweleza daktari kila kitu. Kitanda cha tarehe 20 hakijafutwa. Atakilalia atakayeonekana kukihitaji zaidi. Jirani, wewe huna dalili, huenda ukapewa dawa tu, usikate tamaa. Ila Bibi, tangu jicho lizime zimepita zaidi ya wiki mbili, na shingo yako hakuna aliyeiangalia.

Niandikieni, hata mstari mmoja.

Mjukuu wako

20 Juni

Mwanangu,

Pole na kazi. Leo naandika mwenyewe, hakuna anayeniambia la kuandika.

Tulipimwa wote juzi. Mimi nimebaki na saba zangu. Bibi yako ni nane, upande uleule wa kushoto. Mpimaji alirudia, ikawa nane. Alipoambiwa hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mimi wamenipa vidonge na tarehe ya kurudi. Yeye leo kaingia chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la korido nimepakata viatu vyake. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, mpaka mfagiaji akaniuliza kama nasubiri kupandishwa cheo.

Wamemtoa saa saba. Nikaruhusiwa kusogea. Alipofumbua macho, daktari akamwambia anyanyue mikono. Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki juu ya shuka. Daktari akarudia, hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimeinama pale kitandani.

Kisha vidole vikacheza. Mkono ukaja, taratibu kama wa mtu anayepapasa gizani, ukanifikia usoni, ukanishika sikio, ukalivuta.

"Na wewe," akasema, "vidonge umemeza?"

Nilikuwa sijameza.

Jirani yenu, mshonaji