Mama wa Kwenye Hadithi

Jumatatu, 3 Machi 1969. Bwera
Nimechota maji, nimemenya mihogo, nimefagia uwanja. Malengelenge tayari. Kazi ya kupiga taipu Kampala imekwisha, kodi ya chumba ikanishinda, basi nimerudi. Majirani nawaambia niko likizo. Wanaitikia kwa adabu. Hakuna anayeamini.
La Jumamosi siwezi kuliandika leo.

Jumanne, 4 Machi
Niandike, yaishe.
Kwenye treni nilikaa na mwalimu Apuuli, anayekwenda kufundisha Kasese. Alishaisoma hadithi yangu gazetini, ile ya binti na mama yake. Nimechapishiwa hiyo moja tu maishani, na yeye anaikumbuka. Ana rafiki mchapishaji. Nikajiona mtu.
Stesheni ya Kasese mama alikuwa ananingoja. Miguu mitupu, kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba wanawake wa kwetu. Apuuli akauliza huyo anayenipungia mkono ni nani.
Nikasema mpagazi.
Mama alisikia. Alisimama kidogo, kisha akaja akainamia sanduku langu. "Muzigo ni hii tu, madame?" Akalibeba. Ndani ya basi hadi Bwera hakulitaja jambo hilo. Wala mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Salamu kutoka kwa Apuuli, zimeletwa na dereva wa lori la simenti. Jumapili atakuja kuchukua hadithi zangu zote ampelekee rafiki yake. Pia anataka kumwamkia yule mama wa kwenye hadithi.
Yule nilimtunga. Nilimpa viatu, kiti cha kitambaa, mikono laini. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwetu.
Nilimwambia mama kuna mgeni. Akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza amenye viazi vingapi: "Huyo muwalimu anatafuta mama ya namna gani?"
Nikamjibu. Mungu anisamehe, nilimjibu kila kitu, mpaka viatu.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Mama ameshinda kwa Mama Kavira, muuza vitenge aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Nimewasikia wakicheka. Nimejua wanapanga nini na sikuwazuia. Ninanuka ubaya.

Jumapili, 9 Machi
Mama Kavira alikaa kwenye kiti chetu cha pekee, kitenge kipya, viatu vyeupe. Apuuli akamwamkia kwa heshima zote. "Mutoto yangu iko na akili sana," alisema, akanipapasa shavu. Alifurahia mno, mwanamke yule. Aliongeza mpaka Kifaransa.
Mama alileta chai. Aliiweka chini, akarudi jikoni kinyumenyume, kama mtumishi wa kweli. Amejifunza wapi? Apuuli akasimulia hadithi yangu yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, akimsifu Mama Kavira katikati. Jikoni hata sufuria haikugonga.
Mimi nilikunywa chai. Ndilo nililofanya.
Nilimsindikiza Apuuli hadi barabarani, bahasha ya hadithi kwapani kwake. Hapo ndipo liliponitoka. Nikamwambia mama yangu ni yule aliyeleta chai. Yule wa stesheni.
Hakushangaa. "Nilijua tangu Kasese," akasema. "Mnatembea sawasawa. Lakini unayepaswa kumwambia si mimi."
Bahasha amekwenda nayo. Sijui kama ataifikisha. Ajabu, sijali sana.

Jumatatu, 10 Machi
Tumekaa uani, tunachambua maharage. Mwishowe nimesema, mama, nisamehe ya stesheni, na ya jana. Hakunitazama. Alitoa jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa.
Kisha akauliza, "Ule mama ya kwenye hadithi, jina yake nani?"
Nikasema hana jina. Sikumpa.
Akapepeta ungo.
"Basi mupe yangu."
Akanisogezea maharage yaliyobaki.