Chandarua Juu ya Mlima

Jumanne, kambini, Mlima Kenya

Na nilimkataza! Nilimwambia mume wangu Bakari, huko juu ni baridi tupu, mbu watoke wapi? Kumbe chandarua alikificha chini ya makoti. Jioni amekitoa, mwongozaji wetu wa mlimani akacheka mpaka akakaa chini. Niliona haya.

"Mtu wa Mto Tana, kwenye mbu tele, halali bila chandarua," akasema Bakari.

Jana sikupata hata lepe la usingizi. Asubuhi nilitaka turudi kwetu Garsen. Sijamwambia.

Sasa amekitundika hemani, kinanuka moshi wa jikoni kwetu. "Ingia mke wangu, mbu wasikuume," ananiambia, meno yakigongana kwa baridi.

Nimeingia. Macho yanajifumba yenyewe. Kesho tunapanda tena, na chandarua nitakibeba mimi.